Maswali ya wasomaji: Mtambo mmoja wa umeme na joto, unalipa kweli?

Toleo lililopita tuligusia kidogo mitambo inayotoa umeme na joto kwa pamoja, yani injini inazungusha jenereta alafu lile joto ambalo siku zote linapotelea kwenye rejeta na kwenye ekzosi linakusanywa, linachemsha maji au linatoa mvuke. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, ya hospitali, hoteli, vyuo, viwanda. Nimechukua yale ambayo jibu lake litamfaa na mwingine. Na niseme mapema, kwenye karibu kila jibu nitarudi palepale kwenye joto, kwa sababu watu wananunua mitambo hii wakiwa wanawaza umeme na ndo maana mingi inakaa imezimwa.

Habari za kazi mhandisi. Mi ni mhasibu wa hospitali, tuna boila za maji moto na mvuke, umeme tunanunua. Amekuja mtu wa mauzo anasema mtambo wake una ufanisi wa asilimia 83 wakati umeme wa gridi ni asilimia 35 tu, kwa hiyo tutaokoa zaidi ya nusu ya bili. Bodi imefurahi, mi nasita. Je ni kweli? (Mhasibu, hospitali)

Njema kabisa ndugu mhasibu, na umefanya vizuri kusita. Hiyo 83 ni ya kweli lakini anailinganisha na kitu kisichofanana nayo. Ndani ya 83 kuna kama 33 za umeme na 50 za joto, alafu anaiweka kando ya 35 ya gridi ambayo ni umeme mtupu, wakati nyie joto mnalipata tayari kwenye boila zenu na boila nzima haina ufanisi mbaya hata kidogo.

Tupige hesabu pamoja. Chukua injini ya gesi ya kilowati 100 za umeme. Ili itoe hizo 100 inakula gesi ya kilowati 300 hivi, na humo unapata kama 150 za joto linalotumika, zile 50 zilizobaki zinaondoka na moshi na ule ujoto unaotoka kwenye mwili wa injini. Sasa ungenunua umeme huohuo kutoka kituo kinachochoma mafuta, kwa ufanisi wa asilimia 35 mpaka ufike kwako, huko zingechomwa kilowati 286. Joto la 150 ungelitoa kwenye boila, tuseme ni ya asilimia 85, ingekula 176. Jumla 462, dhidi ya 300 za mtambo. Umeokoa kama theluthi moja ya mafuta, ambayo ni kitu kikubwa sana kwa kweli na mi naipenda teknolojia hii kwa sababu hiyohiyo, lakini ni theluthi sio zaidi ya nusu, na ni ya mafuta sio ya bili. Bili inategemea gesi mnanunua bei gani na umeme bei gani. Kama umeme ni ghali na gesi ni rahisi mtambo unajilipa haraka, kama bei zimekaribiana hata injini iwe nzuri vipi haitawatoa.

Sasa rudia hesabu hiyo mkiwa mnatumia nusu tu ya joto, yani 75. Akiba inashuka mpaka asilimia 20. Mkilitupa lote? 286 dhidi ya 300, mmechoma mafuta mengi kuliko gridi yenyewe. Kwa hiyo kabla bodi haijasaini mwombe muuzaji akuonyeshe kila saa ya siku hospitali inatumia joto kiasi gani, sio jumla ya mwezi. Jumla ya mwezi inaficha usiku.

Na lingine, bili yenu ya gesi ya boila sio kipimo cha joto mnalohitaji. Humo kuna mabomba ya mvuke yasiyofungwa sufi, kuna vile vali vya kutolea maji kwenye laini ya mvuke ambavyo vimekwama wazi miaka na hakuna aliyeviangalia. Rekebisheni hivyo kwanza. Mkichagua ukubwa wa mtambo kwa kufuata joto linalovuja, siku mkiziba uvujaji mtambo unakuwa mkubwa mno kwenu. Alafu muulize vizuri kuhusu mvuke, maana kwenye injini joto kama nusu linatoka kwenye maji ya kupozea yenye nyuzi 80 hadi 90 na hayo hayatoi mvuke wa kuchemshia vifaa vya upasuaji hata uyabembeleze, mvuke unatoka kwenye moshi peke yake ambao una nyuzi 400 na zaidi. Taasisi inayotaka mvuke mwingi huwa inaangalia tabaini ya gesi, yani mashine ya mapanga yanayozungushwa na moshi wa gesi inayowaka, badala ya injini, ila tabaini zinaanza kuwa na maana kwenye megawati kadhaa.

Pole na kazi. Hoteli yetu ina bwawa la kuogelea na laundri kubwa. Tulifungiwa mtambo wa kilowati 70. Shida unajizima wenyewe, skrini inaandika maji ya kurudi yana moto mno, fundi akija anauwasha unaenda kidogo unazima tena, na boila zetu mbili zinakula gesi kama zamani. Waliotufungia wanasema hoteli haina matumizi ya kutosha. Mbona laundri inafanya kazi kutwa? (Meneja wa hoteli)

Asante sana kwa swali hili, ni ugonjwa unaojirudia kuliko yote na mara nyingi mtambo unasingiziwa bure. Injini inapozwa na yaleyale maji yanayokuja kuchukua joto. Yanaingia yakiwa nyuzi 70 au chini, yanatoka kwenye 85 hivi. Yakirudi tayari yana 75 au 78 hayawezi kuipoza, na yenyewe inajilinda inazima. Kwa hiyo swali ni moja tu, nani anayapasha moto maji kabla hayajafika kwenye injini?

Nenda chumba cha boila mwenyewe, usimtume mtu. Fuata bomba la kurudi, lile linalotoka kwenye jengo likiwa limeshatoa joto, uone linaingia wapi kwanza. Linapaswa kukutana na mtambo, alafu ndo boila ziongezee kilichopungua. Kama mtambo umeungwa baada ya boila, au wote wamewekwa sambamba kwenye bomba moja kubwa na boila zimesetiwa nyuzi 80 zinawaka zenyewe saa kumi na moja alfajiri, basi boila zinamwahi, zinapasha mfumo mzima na mtambo ukiamka unakuta kazi imeisha. Angalia pia kama kuna bomba la mkato linalorudisha maji ya moto moja kwa moja bila kupita kwenye jengo, na pampu inayosukuma maji kwa nguvu ileile usiku na mchana hata laundri ikiwa imefungwa, maana hivyo viwili vinarudisha moto ambao haujatumika. Boila zisetiwe chini kidogo na zicheleweshwe, mtambo uongoze. Mara nyingi hiyo ni kazi ya kubadili setingi, vali moja mbili na mabomba machache, wala haihitaji injini mpya.

Alafu kuna tangi. Hujasema kama mnalo. Laundri inanyonya joto asubuhi kwa nguvu kisha inatulia, mtambo wenyewe unataka kwenda taratibu bila kuzimwa zimwa, anayewapatanisha ni tangi la maji moto. Mtambo wa kilowati 70 unatoa joto la kama 105. Tangi la lita 5,000, ukichezea tofauti ya nyuzi 20, linabeba karibu kilowati-saa 116, yani saa moja na ushee ya joto lote la mtambo. Liwe refu limesimama, moto ukae juu ubaridi chini, mtambo uvute maji ya chini kabisa. Ukiona mtu ameliunganisha na pampu inayolikoroga mpaka juu na chini ni vuguvugu moja, hilo tangi halikusaidii.

Na bwawa lenu mbona ni mali hiyo! Linataka maji ya nyuzi 27 au 28 tu na linapokea joto saa yoyote, mchana, usiku, halichagui. Kikipatikana kibadilisha joto kinachotosha, yani kifaa kinachohamisha joto kutoka maji haya kwenda yale bila kuyachanganya, bwawa ndo liwe linapokea kila kinachobaki. Waambie waliofunga walete rekodi za joto la maji ya kuingia na kutoka za wiki moja, mtajua ukweli bila kubishana.

Shikamoo mhandisi. Mi ni fundi kijana kiwanda cha maziwa. Tuna jenereta ya dizeli ya akiba, rejeta yake ukisimama karibu unaungua. Naweza kuchukua lile joto tupasteurishie maziwa? (Fundi)

Marahaba kijana, na napenda unavyowaza. Kiufundi inawezekana, ila jenereta ya akiba inawaka pale umeme unapokatika tu, pengine saa chache kwa mwezi, na vifaa vya kukusanya joto vinajilipa kwa saa za kazi. Mwaka una saa 8,760. Mtambo wa namna hii watu wanautafutia angalau saa 5,000 hivi, kama saa 14 kila siku. Kama lakini nyie hamna gridi na dizeli ndo inawaka kutwa, hapo anza leo. Anzia kwenye maji ya injini kwanza, sio kwenye moshi. Moshi wa dizeli una masizi yanaziba kibadilisha joto, na ukiubana unapotoka unaiumiza injini.

Kuhusu maziwa yenyewe: kupasteurisha, yani kuyapasha moto kuua vijidudu, ni nyuzi 72 kwa sekunde 15, kwa hiyo maji ya nyuzi 85 yanatosha kabisa. Lakini angalia mashine yenu, nyingi zina sehemu ambayo maziwa yanayotoka moto yanayapasha yanayoingia baridi, na sehemu hiyo inarudisha joto kubwa mno, kwenye mashine nzuri asilimia 90 na zaidi. Kwa hiyo joto linaloongezwa ni kidogo kuliko unavyodhani. Mteja wako mkubwa huenda ni maji ya kuoshea matangi na mabomba. Pima hayo.

Chuo chetu kipo sehemu ya joto, hatupashi majengo moto hata siku moja. Bili yetu ni viyoyozi. Mitambo hii si ya watu wa baridi tu? (Msimamizi wa majengo, chuo)

Hapana, ila lazima upitie mlango mwingine. Kuna mashine ya kupoza inayoendeshwa na joto badala ya kompresa. Ndani yake kuna maji na chumvi inaitwa lithiamu bromaidi. Maji yanawekwa kwenye ombwe, yani chombo kilichotolewa hewa, yanachemka kwa ubaridi wa nyuzi chache tu na yakichemka yananyonya joto la jengo, ile chumvi inaunyonya mvuke wake, alafu joto la mtambo linaichemsha chumvi imwachie maji yarudi kazini. Pampu ndogo tu ndo zinakula umeme.

Uzuri wake unafanya kazi na maji ya nyuzi 80 hadi 95, yaleyale ya injini. Ubaya wake, na huu watu hawausemi, kila kizio kimoja cha joto kinatoa kama 0.7 ya ubaridi kwa mashine ya hatua moja, wakati kiyoyozi kikubwa cha umeme kinatoa ubaridi mara nne tano ya umeme kinaokula. Yani joto la kilowati 150 linakupa ubaridi wa 105, ambao mashine ya umeme ingeutoa kwa kilowati 21 hadi 26 tu. Hicho ndo unachookoa kweli, sio kilowati 105. Na utahitaji mnara wa kupozea mkubwa zaidi na maji ya kuujaza, kwa sababu unatupa joto la jengo pamoja na la mtambo. Chuo chenye maji ya shida kifikirie hili mara mbili.

Ushauri wangu, anzeni na joto linalotumika kama joto. Mabweni yanaoga, jiko linapika na kuosha. Chagueni mtambo mdogo unaomezwa na hayo mwaka mzima, ubaridi uwe wa kula kilichobaki. Kununua mtambo mkubwa kwa ajili ya ubaridi peke yake kunalipa pale umeme wa mchana ni ghali sana au gridi haiwezi kuwaongezea.

Sisi shida yetu ni umeme kukatika. Tukifunga mtambo huu tunaweza kuuza majenereta ya dizeli? (Katibu wa hospitali)

Msiuze, nawaomba. Kwanza mtambo mwingi wa namna hii umetengenezwa ujizime gridi ikikatika, ili usipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi amepanda kuzirekebisha. Ni usalama huo. Ukitaka ubaki unawaka wakati mtaa mzima ni giza lazima uagize hivyo tangu mwanzo: jenereta inayoweza kujitegemea bila gridi, swichi ya kujitenga, betri ya kuuwasha kutoka giza totoro, na mpango wa kukata mizigo isiyo ya lazima ndani ya sekunde, kwa sababu mtambo wa kilowati 200 ukibebeshwa ghafla 500 unazimika papohapo. Hivi vinaongeza gharama lakini kwa hospitali mi naona zina haki.

Na vinafanya kazi. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, hospitali ya Mississippi Baptist pale Jackson ilijitenga na gridi ikajiendesha kwa mtambo wake zaidi ya saa 50. Mwaka 2012 kwenye kimbunga Sandy, Chuo Kikuu cha Princeton kilifanya hivyohivyo. Lakini mtambo unaofanya kazi kila siku una siku zake za sevisi, na umeme haukatiki kwa kuangalia ratiba yenu ya sevisi. Vyumba vya upasuaji na wagonjwa mahututi vibaki na dizeli yao, ijaribiwe kama kawaida.

Shule yetu ya bweni ina ng'ombe, tumesikia biogesi inaweza kuendesha mtambo. Na je, ni kweli unapunguza hewa chafu? (Mjumbe wa bodi)

La kwanza, ndio inaweza, mkiwa na ng'ombe wa kutosha waliofungiwa, wanaotawanyika malishoni samadi yao hamuipati. Mita moja ya ujazo ya biogesi nzuri ina nishati kama kilowati-saa 6, injini ndogo inakupa 1.5 hadi 2 za umeme. Ng'ombe wa kawaida kwa siku ni kama mita hiyo moja. Pigeni hesabu wenyewe. Kama jibu ni dogo pelekeni gesi moja kwa moja kwenye majiko, ni njia nzuri tu haina aibu yoyote. Mkienda na injini kumbukeni gesi hiyo ina salfa inayokula chuma, lazima isafishwe kabla, na sehemu ya joto irudi kwenye mtungi ambamo samadi inachachuka kutoa gesi, ubaki nyuzi 35 hadi 40.

La pili, inategemea unapambana na umeme gani. Kama gridi yenu inachoma makaa au mafuta, mtambo hata wa gesi ya kawaida unapunguza. Kama gridi ni maji, upepo, jua, basi kuchoma gesi mwenyewe kunaongeza hewa chafu hata joto lote likitumika, na hapo pampu ya joto, yani mashine kama kiyoyozi kilichogeuzwa inayovuta joto la nje na kulileta kwenye maji, ikitumia umeme huo safi ingewafaa zaidi. Samadi na mabaki ya miwa ni habari nyingine kabisa, ndo maana viwanda vya sukari vinachoma mabaki yao ya miwa miaka na miaka, vinapata mvuke wa kupikia sukari na umeme, na kwenye nchi kama Morisi wanauza hadi kwenye gridi ya taifa.

Tumeshaamua kununua. Kwenye mkataba tusisitize nini? (Mkurugenzi, kiwanda cha nguo)

Sevisi. Injini inayofanya kazi saa 8,000 kwa mwaka ni sawa na gari lililokimbia kilomita 60 kwa saa likafikisha kilomita 480,000 ndani ya mwaka mmoja, sasa fikiria oili, plagi na filta zake. Mkataba uwe na bei ya sevisi kwa kila saa ya kazi, useme oveholi kubwa iko ndani ya bei au nje, na utaje asilimia ya muda ambao mtambo lazima uwe tayari, na wakishindwa wanalipa nini. Fundi akae umbali gani, spea zikae wapi.

Alafu mita tatu: ya gesi inayoingia, ya umeme unaotoka, na ya joto. Ya joto ndo wanaipunguzaga ili bei ipendeze, mkatae. Iwekwe upande wa kiwanda, baada ya feni inayotupa nje joto lisilohitajika, sio kabla, maana ikiwa kabla itawahesabia hata joto linalopeperushwa hewani kama vile mmelitumia kukaushia nguo. Msilipe malipo ya mwisho mpaka mita hizo zote zimesomwa mwezi mzima mkiwa kazini.